Mgeni wa Mkwaja Kwenye Kona ya Kioo

Msiniulize nani kanihadithia. Hakuna aliyenihadithia. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nikiwa juu ya jukwaa la miti nje ya jengo la Taizoon, pale Usagara, brashi mkononi, pua yangu na dirisha lao vimeachana kwa kiganja. Tanga nzima hakuna apakaye rangi kama mimi. Na apakaye vizuri hupaka polepole, na apakaye polepole huona mengi. Shule niliikimbia mapema, sikatai, ila macho sikuyaacha darasani. Mwenye shaka akamuulize Batulbai, mke wa Taizoon, ukuta ule ulinichukua muda gani. Atawaambia, tena kwa matusi.

Basi tegeni, niwape habari ya Mwanamkasi.

Mwanamkasi alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Yeye na mwenzake Najat walikodi chumba ghorofani, juu ya duka la viungo la Taizoon, na humo wakatengeneza kitu walichokiita Hodi. Nilielezwa mara nyingi mpaka kikaniingia. Nyinyi kitawaingia mara moja, maana anayeeleza ni mimi. Mtu akiingia mtandaoni hupitia kivinjari. Na kivinjari unaweza kukibandika kijiprogramu kidogo, huitwa kiendelezi, kama unavyoegesha kibanda ubavuni mwa nyumba. Hodi ilikuwa kibanda cha namna hiyo. Mwenye duka anaendelea na shughuli zake, mteja huko aliko akiagiza kitu, kwenye kona ya kioo inachomoza arifa, na mlio wa vidole vinavyogonga mbao: ko, ko, ko. "Hodi! Mteja yuko mlangoni." Chini yake kitufe kimeandikwa Karibu. Ukikibonyeza, unaletewa oda. Ukiwa huna nafasi, kuna alama ndogo ya kufungia pembeni, unaifunga arifa, mteja anangoja. Maduka ya Usagara na Chumbageni yaliipenda, kwa sababu ilikuwa na adabu. Haiingii bila kukaribishwa.

Kazi waligawana. Mwanamkasi aliandika sura ya arifa na mlio wake. Najat aliandika masikio. Maana arifa, Mwanamkasi alizoea kusema, ni domo tupu. Ikishachomoza haijui lililoipata mpaka uiwekee masikio. Sikio moja la kusikia kwamba imebonyezwa. Sikio jingine la kusikia kwamba imefungwa. Na hili la kufunga lina siri yake: kivinjari hulinong'oneza kama aliyefunga ni mkono wa mtu, au ni mashine yenyewe.

Mwanamkasi hakuwahi kuyakagua masikio ya Najat. Angeanzaje? Mama yake alifariki akimzaa, na aliyempakata siku hiyohiyo ni Bi Zuwena, mama yake Najat, naye ana kichanga wake kifuani. Ziwa la kulia Najat, la kushoto Mwanamkasi. Hao kwa sheria ya dini ni ndugu, huyu hawezi kuolewa na kaka wa yule. Walikua wakigawana leso, kipande kwako kipande kwangu. Mwanamkasi alipoachika, aliyekwenda na gari kumchukulia masanduku yake ni Najat, tena alimsimamia yule mume mlangoni akamwambia, "Kitanda hiki pia ni chake, sogea." Nani hukagua chakula alichopakuliwa na ndugu kama huyo?

Ilianza alasiri moja, kwa jambo dogo.

Mwanamkasi alikuwa peke yake chumbani. Ikachomoza arifa. Haikugonga ko, ko, ko. Iligonga mara moja tu, ko, nzito, kama kifundo cha kidole kikavu. Na maandishi hayakutaja mteja. Yalisema: "Hodi." Basi.

Akadhani ni hitilafu. Akaifunga. Pale ilipokuwa pakaandikwa: "Ahsante kwa kunikaribisha."

"Nimekufunga wewe," akaiambia mashine, "sikukukaribisha."

Ndipo akasikia harufu. Mimi nje niliisikia kabla yake, nikadhani ni rangi imechacha. Ilikuwa harufu ya matope ya mikokoni maji yakitoka, na ndani ya matope hayo, asumini. Asumini nyingi, kama za biharusi.

Najat aliporudi akasimuliwa, akacheka. "Macho yako hayo, dada. Unakodolea kioo tangu asubuhi. Hakuna kitu kama hicho."

"Wallahi imeniambia ahsante."

"Basi ina tabia njema kuliko mumeo wa zamani."

Wakacheka wote wawili. Batulbai akapanda ngazi akihema, leso puani.

"Nyie wasichana, mmeanika nini humu? Duka zima linanuka pwani! Mteja anainamia iliki, ananusa pweza."

"Shikamoo mama. Sisi hatujaanika kitu."

"Marahaba. Basi ni yule mpaka rangi," akasema, akinitazama kwa dirishani, na mimi nikajitia sisikii.

Ya pili ilikuja adhuhuri, jua limesimama utosini, saa ambayo wazee wetu hawapiti chini ya mbuyu wala penye maji yaliyotuama. Najat alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umepakwa hina mbichi. Alikuwa anajaribu ua la harusi yake, maana alikuwa amechumbiwa na Suleimani wa Chumbageni na nguo zilikwishashonwa. Ko. Ko. Kona ya kioo cha Mwanamkasi: "Hodi, Mwanamkasi."

Mwanamkasi akajivuta nyuma pamoja na kiti chake. "Najat. Njoo uone. Imenitaja jina."

Najat hakuinuka. "Ni akaunti yako, inachukua jina lako. Ifunge."

"Siifungi. Njoo ifunge wewe."

"Kwa mkono huu?" Akainua mkono wenye hina, inamchuruzika kiganjani. "Ewe, usiniharibie ua langu. Ifunge basi, inanikera. Mtu mzima unaogopa kikaratasi!"

Mwanamkasi akaifunga. Na aliponyoosha kidole aliona, na mimi nikaona, kwamba Najat hakuwa akikitazama kioo. Alikuwa akikitazama kidole.

"Ahsante kwa kunikaribisha."

Tangu hapo mambo yakaanza kumwendea vibaya. Chai aliyokunywa ilikuwa ya chumvi. Akaimwaga, akatia nyingine, nayo chumvi. Mabegani akahisi kitu kimekaa, si kizito sana, kama mtoto anayejaribu kama atabebeka. Batulbai alipompa salamu, akajibiwa kwa Kimtang'ata, lahaja ya pwani, tena cha bibi kizee, maneno ambayo Mwanamkasi hakupata kuyasema maishani mwake, na Batulbai akashuka ngazi kinyumenyume akiomba Mungu. Kilichomtisha zaidi kuliko vyote kilikuwa hiki: aliketi mbele ya mashine yake kuandika, akatazama vile vibao vya herufi, na kwa muda wa kumeza mate hakuvitambua. Herufi zilikuwa kama kwato za mbuzi kwenye mchanga. Kisha zikarudi. Lakini alikwishajua kwamba zinaweza kwenda.

Na hapo akamkumbuka Bibi wa Mkwaja.

Bibi huyo, mzaa mama yake Najat, alikuwa kiti, yaani mtu anayekaliwa na jini. Ukoo wao una mgeni tangu zama za mababu, jini wa mikokoni, naye huruka kizazi: akitoka kwa bibi hamkai binti, hukaa kwa mjukuu. Wakiwa wadogo walipelekwa kumwamkia. Siku akiwa mzima, aliwapa tende. Siku mgeni yuko kichwani, aliwatazama wajukuu zake, akamtazama na Bi Zuwena aliyemzaa mwenyewe, akauliza kwa upole: "Binti, wewe ni wa nani?" Mwanamkasi alilia njia nzima siku hiyo. Na alikumbuka masharti, maana watoto husikia kila kitu. Mgeni yule ana adabu zake. Haingii bila hodi. Hodi zake ni tatu. Na hashiki mtu mpaka mtu huyo amfungulie komeo kwa mkono wake mwenyewe, mara zote tatu.

Bibi alikuwa amezikwa mwaka ule, kabla ya Ramadhani.

Mimi si wa ukoo wao, Mwanamkasi alijiambia. Hanitaki mimi. Akajiambia hivyo tena, na mkono wake ukajiendea wenyewe kifuani, upande wa kushoto, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokila zamani sana.

Ilikuwa inaelekea magharibi. Akafungua maandishi ya programu, yale ambayo hakuwahi kuyakagua, akayasoma masikio. Sikio la kubonyeza halikuwa na neno. Sikio la kufunga akalisoma mara moja, akainuka akafunga dirisha, mimi nikabaki nje, sikio nimelibandika kwenye kioo. Akakaa akalisoma tena.

Najat akaingia na mfuko wa vitumbua. "Mbona giza? Washa taa, dada."

"Najat, hili sikio la kufunga uliliandika wewe?"

"Masikio yote ni yangu. Kwani?"

"Mbona mtu akifunga, linajibu karibu?"

Najat akaweka mfuko mezani taratibu. "Nitakuwa nimekosea. Nitalinyoosha kesho."

"Ungekosea, lingejibu karibu kila arifa inapofungwa. Kosa halichagui. Hili linachagua. Mashine ikifunga yenyewe, linajibu rudi baadaye. Mkono wa mtu ukifunga, ndipo linajibu karibu. Tena si mkono wa kila mtu. Kwa Taizoon chini halipo. Umeliandika kwenye mashine yangu peke yake." Akamwonyesha kwa kidole. "Nimefunga mlango, Najat, na wewe ukautia ufunguo nyuma yangu."

Nilitegemea Najat atakana. Wengi wangekana. Yeye alikaa kwenye mkeka, akavua viatu, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari.

"Alinijia mimi kwanza," akasema kwa kunong'ona. "Tangu arobaini ya bibi. Nasikia hodi kwenye mlango wa choo, kwenye kabati, ndani ya mto ninaolalia. Sijafungua hata mara moja. Suleimani ananipigia simu, namjibu kwa sauti nisiyoijua. Na unajua kiti wa yule haolewi. Babu alimwoa bibi, fungate haijaisha wakamzika, mama yangu akabaki tumboni. Sasa mimi nifanyeje? Nimwue Suleimani?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini?"

"Hilo unaloniambia sasa! Tungekwenda wote Mkwaja, tungetafuta mwalimu wa kupunga majini, tungefanya lolote. Nimewahi kukukatalia nini mimi?"

"Yeye hataki mwalimu. Anataka mtu. Na mtu baki hamtaki, anataka damu au maziwa. Maziwa kwake ni sawa na damu. Duniani nina nani mwingine wa maziwa, Mwanamkasi?" Akainua macho, makavu kabisa. "Wewe umeolewa, ukaachika. Una nini tena cha kupoteza? Mimi ndiyo kwanza naanza. Na ziwa la mama yangu ulilinyonya bure?"

Nimeona watu wakipigwa. Nilimwona baharia mmoja akipigwa kasia la shingo pale bandarini, na hakukunja uso kama Mwanamkasi alivyoukunja. Alitazama mfuko wa vitumbua, ambao ndugu yake alimnunulia vile anavyovipenda, vya pembeni vilivyoungua, akijua anamnunulia nani na akijua anampeleka wapi.

Muadhini akaanza. Na chini ya sauti ya muadhini, kwenye kona ya kioo:

Ko.

Ko.

Ko.

"Hodi, mwanangu wa ziwa."

Safari hii kulikuwa na sauti, sauti ya mzee, haikutoka kwenye spika bali nyuma ya kioo, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia la mlango, na arifa haikufifia kama zinavyofifia arifa nyingine bali ilikaa, ikangoja, na kioo kikaanza kufuka ukungu kwa upande wa ndani, na ndani ya ukungu ule pakajichora alama ya paji la uso lililoegemezwa, na harufu ya asumini na matope ikapanda kutoka sakafuni mpaka mimi nje nikashika mti wa jukwaa kwa mikono miwili nikaiachia brashi ikaenda zake, na Mwanamkasi akajua, kama mtu anavyojua usingizini kwamba anaota, kwamba akiigusa arifa ile kwa kubonyeza au kwa kufunga jibu ni lilelile moja, na kwamba njia iliyobaki ni kukaa tu, mikono mapajani, hodi isiitikiwe mpaka mgeni achoke, maana hata mgeni huyu ana adabu.

"Simgusi," akasema. "Na akae hapo mpaka kiama."

"Mguse."

"Najat, simgusi."

"Mguse, nakuomba, dada, nakuomba kwa ziwa lile."

"Usilitaje ziwa lile!"

Najat akamrukia. Alikuwa mwembamba, lakini hofu ina misuli. Akamkamata mkono wa kulia kwa kiwiko na kifundo, akauvuta juu ya meza, viti vikaanguka, vitumbua vikatawanyika, wote wawili wanalia, wanasukumana kama walivyosukumana utotoni kugombea upande wa ukutani, na Najat akaufikisha mkono wa Mwanamkasi juu ya kipanya, akaugandamiza kwa kiganja chake, vidole juu ya vidole, na kishale kikapanda polepole kwenye kioo mpaka kwenye kona, na mzee nyuma ya kioo akavuta pumzi.

Mwanamkasi hakuwa na nguvu za kumtupa. Basi akafanya kinyume: akalegea. Mkono ukalainika kama wa mtoto aliyelala, ukateleza chini ya kiganja cha Najat, ukachomoka.

Kiganja cha Najat kikaanguka juu ya kipanya, peke yake. Tik.

Akaunti ilikuwa ya Mwanamkasi. Jina lilikuwa la Mwanamkasi. Lakini mgeni yule ni wa zamani, hajui kusoma, kioo ndicho kinachomwandikia. Yeye hutazama mkono. Na mkono aliouona ulikuwa wa mjukuu wa damu, tena umepambwa ua la hina, mkono wa biharusi.

"Ahsante kwa kunikaribisha," kioo kikaandika. Na kwa mara ya kwanza, chini yake, neno jingine: "Mke wangu."

Hodi mbili za kwanza nani aliitikia? mtaniuliza. Nami nasema, aliyeyaandika majibu ndiye aliyeitikia. Sikio lile lilikuwa la Najat tangu mwanzo; Mwanamkasi alifunga mlango, Najat ndiye aliyefungua. Mgeni alikuwa anajua hesabu yake.

Ukungu ukatoka kwenye kioo. Mabega ya Mwanamkasi yakawa mepesi, mepesi hata akayumba. Najat akasimama, akajitanda leso yake vizuri, akatazama chumba, viti, dirisha, mimi. Kisha akamtazama ndugu yake aliyekuwa chini anahema, akamwuliza kwa upole:

"Binti, wewe ni wa nani?"

Basi. Usiku huohuo akaitwa Shekhe Abdulghani kutoka Chumbageni, mtu mwenye mafunzo, akaja na ubani na maji ya zamzam, akasoma mpaka alfajiri, na jini akapiga kelele, akatoka kwa dirishani akanipita ubavuni moto kama pasi, akarudi mikokoni kwake. Najat akazinduka, akaangukia miguu ya Mwanamkasi, akaomba radhi, akapewa. Akaolewa na Suleimani, na pilau nililila mimi mwenyewe.

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza, mkalale. Lakini mwanzo niliwaambia niliyaona yote, na mwanamume hali matapishi yake. Kitu kimoja nimekitia mimi. Kimoja tu, ili msiogope kuzima taa. Shekhe. Hakuja shekhe. Na kwa kuwa hakuja, hayo ya radhi na pilau nayo yaondoeni.

Najat yuko Mkwaja, kwenye nyumba ya bibi yake. Suleimani alioa kwingine, yu hai. Hodi ilifutwa kwenye maduka yote. Mwanamkasi aliifuta kwa mkono wake, sikio kwa sikio. Kila Ijumaa huenda Mkwaja na mchele na vitumbua vya pembeni vilivyoungua, akaketi barazani, nje ya kizingiti.

"Karibu, ndugu yangu," sauti humwita kutoka ndani. "Karibu ndani."

"Nishakaribia," hujibu Mwanamkasi, na haingizi hata unyayo.

Siku nyingine sauti huwa ya mzee, na siku hizo hurudi Tanga salama. Ila ziko siku sauti ni ya Najat mwenyewe, yule wa leso kipande kwako kipande kwangu, anayemwita kwa jina lake na kulia. Siku hizo pia haingii.